Kitabu cha Chibuku na kumbukumbu ya mama mpika pombe

Kagongwa, kata iliyomo katika Manispaa ya Kahama, hujulikana zaidi kwa mashine za kukoboa mpunga. Wakulima, wafanyabiashara wa mchele, madereva wa malori na wachimbaji wadogo wa dhahabu hukutana hapo, na penye mkutano wa namna hiyo hapakosi pombe ya kienyeji. Hata hivyo, katika nyaraka za serikali pombe hiyo huonekana kwa sura mbili tu: ama chanzo cha ushuru, ama kosa la jinai. Makala haya yanaitazama kwa sura ya tatu, yaani kama elimu.

Tuanze jikoni. Mpika pombe wa Usukuma huloweka mtama, ulezi au uwele, huuotesha, huuanika, kisha huusaga na kupata kimea. Kimea hukorogwa katika uji uliopoa kiasi. Hicho ndicho hugeuza wanga kuwa sukari, na baadaye chachu huigeuza sukari kuwa kileo. Mahindi, zao lililotoka ng'ambo, yalipoenea yalileta swali jipya. Wanga wake ni mwingi, lakini kimea chake hakina nguvu kama cha ulezi. Jibu lilikuwa kuchanganya: mahindi yatoe uji, na kimea cha ulezi au mtama kifanye kazi ya kuugeuza. Ndivyo zilivyo pombe nyingi tunazoziita komoni. Katika kangara, pumba za mahindi zilikutana na asali au sukari. Uchagani, ndizi zilikutana na kimea cha ulezi katika mbege. Uhayani, ndizi zilikutana na mtama katika rubisi. Kila moja ya pombe hizi ni tunda la majaribio ya watu wasioacha majina yao, na kwa upande wa pombe za nafaka, wengi wao walikuwa wanawake.

Kabla ya fedha kutawala, pombe ilikuwa mwaliko wa kazi: jirani walikuja kulima, na mwenye shamba aliwashukuru kwa mtungi. Kodi ya kibanda ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilibadili hesabu hiyo. Kila nyumba ilihitaji sarafu. Vibarua na, baadaye, mapato ya pamba viliangukia zaidi mikononi mwa wanaume. Kwa mwanamke, kupika pombe ya kuuza kukawa mojawapo ya njia chache za kupata fedha yake mwenyewe. Utawala wa Waingereza haukuizima biashara hiyo, bali uliizungushia uzio: kibali, saa maalumu na mahali maalumu pa kuuzia. Neno "kilabu" tulilonalo hadi leo ni alama ya uzio huo. Waafrika walikatazwa vinywaji vikali, na gongo likawa kosa. Katika miaka ya njaa, maofisa walipiga marufuku kupikia pombe nafaka.

Sasa tuvuke mpaka hadi Kitwe, katika ukanda wa shaba wa nchi inayoitwa leo Zambia. Huko, katika miaka ya 1950, Max Heinrich alijaribu michanganyiko ya pombe ya nafaka ili aitengeneze kiwandani. Inasimuliwa kwamba aliandika kila jaribio, pamoja na maoni ya wanywaji, katika kitabu. Kutokana na kitabu hicho pombe yake ikaitwa Chibuku. Jina hilo lilisambaa kusini na mashariki mwa Afrika, na hapa kwetu Chibuku ilitengenezwa na kiwanda cha Darbrew, Dar es Salaam. Siwezi kumlaumu Heinrich kwa kuandika. Ninachouliza ni hiki: kwa nini majaribio yaleyale, yakiwa katika kitabu, yalizaa kampuni, na yakiwa katika kumbukumbu ya mama, yalizaa faini?

Uhuru haukulijibu swali hilo. Sheria ya moshi ya mwaka 1966 ilijaribu kuingiza pombe ya kukeneka katika mfumo wa leseni. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilirithi mantiki ya vibali na saa. Mwenye mtaji alionekana mzalishaji, na mwenye sufuria akaonekana mshukiwa. Lakini tarehe 1 Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba, ilikuwa inapambana na bidhaa ya viwandani. Leseni peke yake, basi, si kinga ya jamii.

Tusije tukaipamba pombe kupita kiasi. Ulevi umevunja nyumba nyingi. Kinywaji kilichoongezewa spiriti ya viwandani yenye methanoli hupofusha na kuua. Tena, katika mwaka wa ukame, gunia la mtama lina thamani kubwa zaidi ghalani kuliko kilabuni. Hoja yangu ni kwamba madhara haya yanatofautiana, na operesheni inayomwaga pipa la komoni na kuvunja mtambo wa gongo kwa sababu ileile haijajua inapambana na nini.

Kwa hiyo, ninyi watumishi wa halmashauri mnaoandaa sheria ndogo, muiteni mpika pombe mezani kabla ya kumpelekea mgambo. Mwulizeni anachanganya nini na kwa nini. Mpatieni maji safi, mahali pasafi na kibali ambacho ada yake haizidi faida ya pipa lake. Nanyi wanafunzi wangu mnaotafuta mada za tasnifu, chukueni daftari mwende Kagongwa. Andikeni vipimo vyake, na juu ya ukurasa, kwa ridhaa yake, andikeni jina lake.