Kina Kimeandikwa, Joto Halikuandikwa

Tarehe 21 Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, mwogeleaji wa Uingereza, aliingia katika mlangobahari unaoitenga nchi yake na Ufaransa, saa ya Rolex Oyster ikiwa shingoni. Baridi ilimshinda, akapandishwa mashuani baada ya zaidi ya saa 10, lakini saa yake ilikuwa ikienda barabara. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza habari hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail. Hata leo wanunuzi wengi huipima saa isiyoingiza maji kwa bahari: imezama mita ngapi? Kipimo hicho kinaficha nusu ya ukweli. Saa ya Gleitze ilikaa karibu na uso wa maji yenye baridi ya kudumu. Haikuonjeshwa kina wala joto.

Omega walilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1936 saa yao ya Marine ilitumbukizwa kwanza katika maji ya moto ya nyuzi 85, ndipo ikashushwa mita 73 katika Ziwa Geneva, kwenye maji baridi sana. Kwa nini waanze na maji ya moto? Kwa sababu mgandamizo wa maji ni mzigo unaokadirika: kila mita 10 huongeza takriban angahewa moja, na mara nyingi mzigo huo hukibana kifuniko cha nyuma juu ya mpira wake. Joto lina hila zaidi. Chuma, kioo na mpira havitanuki sawa, hivyo maungio huweza kulegea. Hewa iliyofungiwa ndani ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 45, mgandamizo wake huongezeka kwa asilimia 8 hivi, na penye upenyo kiasi hutoroka. Saa ikiingia ghafla kwenye baridi, hewa iliyobaki hunywea na kuvuta unyevu kupitia upenyo ule ule. Ndiyo maana naihofia bafu ya maji moto kuliko kidimbwi cha kuogelea.

Wapo wanaosema mkono unaopiga maji ndio huvunja kinga. Hesabu haiwaungi mkono: hata kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, nguvu inayoongezeka hailingani na kina cha mita moja na nusu. Wengine watanitajia Januari 1960, chombo cha Trieste kilipofika chini ya Lindi la Mariana na saa ya Rolex imefungwa nje, ikarudi ikifanya kazi. Ni ushahidi mzito, ila saa ile iliundwa mahsusi, na ilishuka polepole, kwa karibu saa 5.

Pingamizi la haki zaidi ni kwamba viwango vya kimataifa vinapima joto pia: saa hupashwa hadi nyuzi 40 au zaidi, tone la maji baridi huwekwa juu ya kioo, na ukungu ukibaki ndani saa imefeli. Nakubali. Lakini kipimo hicho ni cha saa mpya, wakati mpira huzeeka kwa jasho, sabuni na jua. Fundi anayebadilisha betri akarudishia mpira uliokauka anamkabidhi mteja saa ambayo maandishi yake ya mita 50 hayana tena maana.