Kurudi Katika Ngoma: Khabari za Ngoma na Mwendo Katika Nchi ya Karagwe

Mwaka uliopita, siku ya jubilei ya kigango kimoja katika nchi ya Karagwe, tulionekana barabarani tukiwa na ngoma kifuani, tukienda kwa hatua moja pamoja na watoto wa shule. Umri wetu wakaribia miaka 50, nasi hatukuwa tumeshika mkwiro tangu tulipomaliza darasa la saba. Watoto walicheka kwa adabu. Walimu wenzetu walicheka bila adabu. Mzee mmoja, jirani yetu, akatuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, je, umerudi utotoni?" Siku ile hatukuwa na jibu. Lakini swali lile lilituuma, tukaenda kutafuta jibu lake katika khabari za zamani za nchi hii. Tuliyoyapata twapenda kuwaeleza wasomaji, hasa walimu, mapadre na wachungaji, maana vikundi vya ngoma vya shule na vya kanisa vimo mikononi mwao.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Tena ni mchezo. Tena ni sherehe yote pamoja na watu wake. Mtu asemapo, "Naenda ngomani," hana maana kwamba aenda kukitazama chombo. Ukivuka mto Kagera, ulio mpaka wetu na Rwanda, wakuta kwamba neno lilo hilo, ingoma, lina maana ya chombo na maana ya ufalme na utawala wa mfalme. Ngoma kuu ya wafalme wa Rwanda iliitwa Kalinga, na ile ya Nkore, upande wa Uganda, iliitwa Bagyendanwa; nazo ziliheshimiwa kama nchi yenyewe. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyotengwa nayo kuwa wilaya mwaka wa 2012, yakaa katikati ya nchi hizo. Basi si ajabu kwamba hapa pia ngoma ilikuwa jambo la watu wazima wenye cheo.

Khabari zilizoandikwa za ngoma za Karagwe zapatikana katika kitabu cha safari cha Bwana Speke, Mwingereza, aliyefika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861 pamoja na mwenzake Grant. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, na Grant akabaki hata Aprili kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Katika mambo aliyoyaandika Speke, mawili yatuhusu sana.

La kwanza ni khabari ya kurithi ufalme. Mfalme Ndagara alipokufa, wanawe watatu waliushindania urithi. Yasemwa kwamba iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa macho, lakini imetiwa dawa, hata asiye na haki asiweze kuiinua. Wawili wakajaribu wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo. Sisi tuliofundishwa katika shule za misheni twaweza kuikataa dawa ile, wala haidhuru. Neno tulitakalo ni hili: ngoma ndiyo iliyomjua mwenye nchi, wala watoto hawakuitwa kuijaribu.

La pili ni sherehe ya mwezi mwandamo. Mwezi ulipoonekana, Rumanyika alikaa katika nyumba yake mwenye taji ya ushanga na manyoya mekundu, na wakuu wakakaa nje ya baraza. Ndipo zilipopigwa ngoma 35 kwa mara moja, nazo zikapatana vizuri. Mgeni yule, asiye mwepesi wa kusifu, alizisifu. Kisha wakaja wapigaji wengine wenye ngoma ndogo za mkono na zumari za matete. Baada ya hao wakatokea wakuu wa wilaya, mmoja mmoja, wakija kwa ncha za vidole, wakisimama, wakitetemesha mwili, wakiruka tena mbele na kunyosha mikono, na mikononi mwao wameshika mikwiro au vijiti. Hivyo ndivyo kila mmoja alivyomwapia mfalme utii wake.

Wasomaji na watazame jambo hilo vizuri. Huyo aliyekuja kwa hatua za kipimo, mkwiro mkononi, alikuwa mkuu wa wilaya, bila shaka mwenye wake na wana na ng'ombe. Hakuna aliyemwuliza kama amerudi utotoni. Maana ya mwendo wake ilikuwa, "Mimi na watu wangu tungaliko, nasi tu waaminifu." Tena alirudi kufanya hivyo kila mwezi ulipoandama. Kwa hiyo kurudi katika ngoma kulikuwa sehemu ya kazi ya mtu mzima.

Basi, ngoma ilishukaje mpaka kwa watoto? Ufalme ulipungua nguvu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wa nchi hizi, nao Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Bukoba mwaka wa 1890. Baada ya uhuru, mwaka wa 1963, serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu nchini kote, na ngoma za ufalme zikakosa kazi yake ya zamani.

Wakati huo huo ilikuwa imekwisha kuingia ngoma nyingine, ile ya mwendo wa askari. Hiyo nayo ina ukoo wake. Majeshi ya Ulaya yalijifunza ngoma kubwa na matoazi kwa Waturuki, hasa katika karne ya 18, kisha wakoloni wakaileta desturi hiyo Afrika pamoja na bunduki. Watu wa pwani ya Kenya waliichukua mapema. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ilianza ngoma iliyoitwa beni, yaani bendi, yenye mistari, amri na vyeo vya kuigiza: majenerali, wafalme, mahakimu. Vyama vyake viwili vilivyojulikana sana ni Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hata 1918 vilivyowachukua askari na wapagazi wengi, beni ilienea bara, na huko Nyasa ikazaa ngoma za mganda na malipenga. Waliocheza beni walikuwa watu wazima: makarani, askari, wapagazi waliorudi vitani. Gwaride waliloamriwa kambini walilifanya mali yao nyumbani.

Wamisionari wengi hawakuipenda beni, wala si bila sababu zote. Palikuwa na majivuno ya vyeo, mashindano makali, na fedha nyingi zilizoteketea katika karamu za kushindana. Lakini shule haikuweza kukaa bila ngoma. Ngoma iliita watoto darasani, iliwapanga mstari, iliwaongoza siku ya mgeni na siku ya mtakatifu. Hivyo ngoma ya mwendo ikawekwa mikononi mwa mtoto, kwa kuwa mtoto yu chini ya macho ya mwalimu. Baada ya uhuru mambo yakaendelea vivyo hivyo: mchakamchaka wa asubuhi, gwaride la sikukuu, mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. Ndipo sisi tuliozaliwa baadaye tukadhani kwamba ngoma ya mwendo ni sare ya shule, kitu cha kuvuliwa mtu amalizapo masomo.

Mambo haya hayakupata nchi yetu tu. Katika Marekani, baada ya vita vile vya 1914 hata 1918, askari waliorudi nyumbani waliunda vikundi vya ngoma na baragumu katika vyama vyao. Walikuwa watu wazima waliokwisha kuona mengi. Baadaye vikundi vya vijana vikazidi sifa, na mashindano makuu ya Drum Corps International, yaliyofanyika mara ya kwanza mwaka wa 1972, yakawa ya vijana tu: aliyepita miaka 21 au 22 hakuwa na nafasi tena. Lakini wengi hawakukubali kuachana na ngoma, na vikundi vya watu wa umri wowote vikaendelea kando yao. Kwa hiyo huko nako jambo la wazee liligeuka kuwa la vijana, kisha wazee wakarudi kubisha hodi.

Sasa tuseme hasara yake kwetu. Waswahili husema, ngoma ya watoto haikeshi. Kwa kawaida twaisema mithali hii kwa dharau, lakini ni kweli kwa maana nyingine pia. Kikundi cha watoto hakikeshi kwa sababu kila mwaka waliokomaa huondoka. Mtoto huanza kuijua ngoma karibu na wakati wa mtihani wake wa mwisho. Kisha aenda zake, na nyuma yake huanza mwingine asiyejua kitu. Tuliporudi katika kikundi kile cha kigango, tulikuta ngoma sita, na katika hizo mbili tu ndizo zilizolia. Nyingine zilikuwa zimelegea kwa mvua, na moja ilikuwa imefunikwa karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Watoto hawakujua kwamba ngoma iliyolegea huwekwa karibu na moto wa majani mpaka ngozi ijikaze. Twakiri kwamba sisi wenyewe tulilijua hilo, lakini kuwamba ngozi mpya hatukujua.

Aliyejua ni yule mzee aliyetuuliza swali. Jumamosi ya tatu ya mazoezi alikuja akasimama kando ya uwanja, akatazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, ngoma yako yakohoa." Tukamjibu, "Shikamoo mzee. Basi tupe dawa yake." Juma lililofuata alikuja na ngozi ya mbuzi. Akailoweka usiku kucha, akaikwangua manyoya, akaiwamba ingali mbichi, akikaza kamba za upande huu kisha za upande wa pili, maana, alisema, kila mwamba ngozi huivutia kwake, lakini ngoma yataka kuvutwa pande zote sawasawa. Kisha akaiweka kivulini ikauke polepole, akakataza kabisa isianikwe juani. Alikuwa amejifunza kwa babu yake. Tangu aache kazi hiyo, mtu wa kumfundisha hakutokea, kwa kuwa watu wazima walikuwa wameiacha ngoma kwa watoto, na watoto hawakumjua.

Kuhusu mwili, tusiwadanganye wenzetu wa umri wetu. Siku za kwanza magoti yaliuma, mkanda ulikata bega, na pumzi ilikwisha kabla ya kufika lango la kanisa. Lakini mikono ilikuwa haijasahau. Amri ya "mguu sawa" iliposikika, mkwiro wa kulia ulisimama mahali pake kabla hatujafikiri. Tena tuliona jambo ambalo mtoto halioni: mpigaji hapigi kwa ajili ya sikio lake, bali kwa ajili ya mguu wa mtu wa nyuma kabisa. Tulipokuwa wadogo tulitaka tusikiwe. Sasa twasikiliza mstari unavyokwenda, na anapochoka mtoto wa mwisho twapunguza mwendo.

Huenda baadhi ya mapadre na wachungaji wakaogopa kwamba watu wazima wakiingia watawanyang'anya watoto ngoma, au watarudisha majivuno ya beni. Hofu hiyo ina haki yake. Katika kikundi chetu tumeweka masharti matatu: mtu mzima asimame mstari wa nyuma, asiwe na cheo wala utepe begani, na kila mtu mzima awe na mtoto mmoja anayemfundisha kupiga, na mwingine anayemfundisha kuwamba. Mfano mwema tunao karibu: vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Kilutheri, ambamo wazee na vijana hupuliza pamoja siku za mazishi na za sikukuu. Desturi hiyo yafanana na ile ya Bethel katika Udachi, alikofanya kazi mchungaji Johannes Kuhlo, mwalimu mashuhuri wa tarumbeta. Na wamisionari wa Bethel ndio waliofika Bukoba mwaka wa 1910. Kwa upande wa Kikatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka wa 1963 uliagiza kwamba muziki wa mataifa uheshimiwe katika ibada. Kwa hiyo mlango u wazi pande zote mbili. Lililobaki ni watu kuingia.

Swali la mzee wetu, basi, twalijibu hivi: hatukurudi utotoni. Tumerudi mahali ambapo wakuu wa Karagwe walisimama kila mwezi ulipoandama, mkwiro mkononi, wakiwajibu watu wao. Mzee mwenyewe hajasema kama amekubali. Lakini Jumamosi iliyopita alileta ngozi ya pili, ya ng'ombe, kwa ajili ya ngoma kubwa.

Twawaomba wasomaji wa Karagwe, Kyerwa na Buhaya watuletee majina ya Kinyambo na ya Kihaya ya sehemu za ngoma: kamba, vigingi, ukingo, mikwiro, na ngozi ya juu na ya chini. Mzee ametutajia manane. Yafaa yaandikwe wakati wenye kuyajua wangaliko.