Kudondoa

Kitenzi kudondoa, ambacho maana yake ya tangu hapo ni kuokota punje moja moja, na ambacho kimetuzalia nomino dondoo, ndicho kinachostahiki, kwa rai yangu, kutumika kwa kazi ya kutoa data katika tovuti na kuipanga katika lahajedwali; kwani kiteuzi (selector), chombo cha kazi hiyo, kilichoenea pamoja na CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za tovuti, iliyoidhinishwa mwaka 1996, hakizoi ukurasa mzima, bali huashiria kile kitakiwacho tu, mathalani td.bei, yaani kila kisanduku cha jedwali kilichotiwa alama ya bei, kikaacha picha na matangazo mahali pake. Wako wasemao kukwangua, lakini mkwanguaji hatofautishi. Enyi wafasiri na walimu wa kompyuta, nawasihi tulishike neno kudondoa.