Asikari Darasani

Asikari mwenye umri, akitoka jeshini na kutaka kujifunza ufundi wa umeme, mara nyingi huona haya: akae darasani pamoja na vijana?

Tumkumbuke Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521, huko Pamplona katika Hispania, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Ndio mwisho wa kazi yake ya vita. Mwaka 1524, akiwa na miaka 33 hivi, alianza Kilatini mjini Barcelona pamoja na watoto. Mawazo ya sala yalimpotezea masomo. Basi akamwahidi mwalimu kutokosa darasa miaka miwili, maadamu apate mkate na maji. Mwaka 1535 alikuwa na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Paris.

Ndugu wasomaji, tusiwacheke wanafunzi wenye mvi. Tuwasaidie wadumu.