HEKALU LA EFESO LIMEBAKI NGUZO MOJA

Fungua Matendo 19, kisha uweke kidole kwenye Waefeso 2:19-22. Leo twende Efeso, mji wa Wagiriki uliokuwa pwani ya nchi tunayoiita Uturuki.

Hapo palikuwa na hekalu la Artemi, lililohesabiwa kati ya maajabu 7 ya dunia ya kale. Mwandishi Mrumi Pliny anasema lilikuwa na nguzo 127, kila moja ikiwa na kimo cha karibu mita 18. Hicho ni kimo cha nyumba ya ghorofa sita! Urefu wake ulipita mita 100. Anasema walilijenga mahali pa kinamasi wakiogopa tetemeko la ardhi, na chini ya msingi wakashindilia makaa na manyoya ya kondoo.

Na watu wale walijua kutoa. Lile hekalu la kwanza la marumaru, Mfalme Croesus wa Lydia alilipia nguzo nyingi. Mwaka 356 KK mtu mmoja alilichoma moto, akitaka tu jina lake lijulikane. Waefeso hawakukata tamaa. Akina mama walitoa mapambo yao, watu wakatoa mali zao, wakajenga upya. Aleksanda Mkuu alipojitolea kulipa gharama yote ili jina lake liandikwe pale, walikataa kwa heshima. Harambee kama hiyo ni wangapi kati yetu tumeiona?

Sasa nisikilize vizuri. Hekalu la Wagiriki halikuwa mahali pa kusanyiko kama kanisa letu. Ndani kilikuwa chumba cha sanamu. Madhabahu ilikuwa nje, mbele ya jengo, na wanyama walichinjwa huko nje. Watu nao walisimama huko huko nje, juani. Nguzo zote zile, marumaru yote yale, dhahabu ya akina mama, vilikuwa makao ya sanamu isiyosikia. Mwenye kutoa alibaki nje.

Watu waliweka hata fedha zao hapo, kama sisi tunavyoweka benki. Aliyefukuzwa na adui alikimbilia hapo, kwa kuwa ilikuwa mwiko kumgusa. Lakini mwanahistoria Myahudi Josephus anaandika kwamba Arsinoe, dada yake Kleopatra, aliuawa katika hekalu hilo kwa agizo la Mark Antony. Ilikuwa mwaka 41 KK. Nguzo 127, na hakuna hata moja iliyomwokoa.

Mji huo ndio Paulo aliofundisha miaka 2. Alifundishia wapi? Katika darasa la mtu aitwaye Tirano. Hakuwa na jengo. Ninyi mlioanza kanisa kwenye darasa la shule ya msingi, mkipanga madawati Jumapili asubuhi na kuyarudisha jioni, jipeni moyo. Mko na Paulo.

Lakini Neno katika darasa lile lilitikisa mji mpaka Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vidogo vya Artemi, akaona biashara inakufa. Umati ukajaa ukumbi wa michezo, ukapiga kelele kama saa mbili.

Baadaye Waefeso hao waliomwamini Yesu wakapokea barua. Hebu jiweke mahali pao. Ukitoka nje, unaona lile jengo. Ukirudi ndani, unasomewa kwamba wewe si mgeni tena, umekuwa mtu wa nyumbani mwa Mungu. Unasomewa kwamba Yesu ndiye jiwe la pembeni, na kwamba ninyi wenyewe mnajengwa pamoja muwe hekalu, Mungu akae ndani yenu. Mtu aliyezoea kusimama nje anaambiwa kwamba yeye ndiye jengo!

Jengo lile liliishia wapi? Wagothi walilivamia katika karne ya 3 BK. Mawe yakabebwa kujengea vitu vingine, matope yakafunika yaliyobaki. Mwingereza John Turtle Wood alianza kulitafuta mwaka 1863, akaligundua mwisho wa 1869, karibu mita 6 chini ya ardhi. Leo imesimama nguzo moja tu, iliyopangwa upya kwa vipande vilivyookotwa, na korongo hujenga kiota juu yake.

Mpendwa, sikatazi ujenzi. Watoto wetu wasinyeshewe. Lakini acha nikiri jambo. Kuna wakati nilijua idadi ya mabati yaliyobaki kuliko nilivyojua idadi ya vijana walioacha kuja. Nilimpigia fundi simu kila siku. Mama mjane aliyekaa kiti cha nyuma na kupotea wiki tatu sikumpigia. Roho Mtakatifu alinihukumu kwa hilo, na nilitubu.

Kwa hiyo leo, kabla hujauliza kamati imefika wapi na simiti, uliza nani hajaonekana. Mpigie. Mtembelee. Hilo ni jiwe la hekalu la Mungu, na limeanguka njiani.

Tuombe: Baba, utusamehe tulipopenda kuta kuliko watu. Utujenge pamoja, na asibaki mtu nje. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mpigie yule mtu uliyemkumbuka ukisoma. Ubarikiwe.