Kutakata kwa Moyo: Istilahi ya Kibudha Katika Nchi ya Bati

Atakayetafsiri maandiko ya Kibudha kwa Kiswahili hatasumbuliwa sana na majina ya watu wala ya miji. Litakalomkwamisha ni jambo la msingi kabisa, nalo ni ile kazi ambayo mtu huufanyia moyo wake mpaka ukawa safi. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya zamani yanayofuatwa na Wabudha wa Sri Lanka, Burma na Thailand, kazi hiyo huitwa bhavana, yaani kukifanya kitu kiwe, kukikuza. Moyo wenyewe unaofanyiwa kazi huitwa chitta. Tafsiri zinazomjia mtu haraka ni "mazoezi ya kiroho", "utakaso wa roho" na "kurudi kwenye asili safi". Zote zinapendeza masikioni na zote zina kasoro. Kiswahili kina kitenzi kinachozishinda, nacho ni kutakata. Ubora wa kitenzi hicho huonekana vizuri ukikipima mahali ambapo watu wanakujua kusafisha kwa mikono yao, na ambapo maneno ya usafi wa moyo yana wenyewe tayari. Mahali hapo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Karagwe na Ubudha wapi na wapi? Pingamizi hilo lina haki ya kujibiwa kwanza. Ni kweli kwamba hizi ni wilaya za makanisa na misikiti. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina Dayosisi ya Karagwe, na Kanisa Katoliki lina Jimbo la Kayanga tangu 2008. Hekalu la Kibudha linalojulikana zaidi nchini liko mbali, Upanga, Dar es Salaam. Mizizi yake ni Wasinhala waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon. Karibu zaidi kwa ramani ni kituo cha Kibudha kilicho jirani na Entebbe, alichokianzisha mtawa wa Kiganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005, kando ya ziwa lilelile la Viktoria linaloosha ufukwe wa Bukoba. Lakini istilahi haisubiri waumini. Mwalimu wa historia anayefundisha kuhusu India ya kale anaihitaji, na mtunga kamusi pia. Tena istilahi ya dini hupimwa vizuri mbele ya watu wenye dini nyingine, kwa sababu hao ndio watakaolisikia neno kwa maana waliyoizoea, na mtafsiri ndiye atakayelaumiwa wakielewa sivyo.

Tuanze na maandiko. Katika mkusanyo uitwao Anguttara Nikaya, sehemu yake ya kwanza kabisa, yapo maelezo mafupi sana yenye mambo mawili: kwamba moyo ni mng'avu, na kwamba unachafuliwa na uchafu wenye sifa ya agantuka. Neno hilo la Kipali, ambalo kwa sauti yake lingeweza kudhaniwa ni la Kibantu, maana yake ni aliyefika kutoka kwingine. Katika kanuni za watawa hutumika kwa mtawa mgeni. Kuna sehemu nzima inayoeleza adabu zake anapoingia katika nyumba ya watawa: avue viatu, ashushe mwavuli, aulize atalala wapi na maji ya kunywa yako wapi. Kinyume chake ni mtawa mwenyeji. Kwa hiyo mafundisho haya hayasemi kwamba moyo ni mwovu tangu ndani. Hayasemi pia kwamba hauna uchafu. Yanasema tu kuwa uchafu na moyo havina uhusiano wa mwenyeji na nyumba yake, na kwa sababu hiyo kazi ya kuviachanisha inawezekana.

Maandiko mengine katika mkusanyo huohuo yanaeleza kwa mfano wa madini, na hapa ndipo Kyerwa inapoingia. Mfano mmoja unafuata kazi ya mwosha dhahabu. Anaimwaga michanga yenye dhahabu katika chombo, anaosha mara ya kwanza kuondoa mawe na changarawe, mara ya pili kuondoa vijiwe na mchanga mnene, mara ya tatu kuondoa mchanga laini na vumbi jeusi, kisha ndipo sonara anapoipeleka motoni. Hivyo hivyo mtu huanza kwa kuacha matendo mabaya, akaja kwenye mawazo ya tamaa, chuki na ukatili, na mwishowe kwenye mawazo membamba kama kuwafikiria ndugu, nchi yake na sifa yake mbele ya watu. Mchimbaji mdogo wa Kyerwa hahitaji kuelezwa utaratibu huo. Mawe ya bati, ambayo wataalamu huyaita kasiteriti, huchimbwa, hupondwa, kisha huchenjuliwa kwa maji. Bati lina uzito wa karibu mara saba ya maji, na mchanga hauzidi mara tatu, kwa hiyo maji huondoka na mchanga yakaacha punje nyeusi chini. Baada ya hapo kazi haijaisha. Punje hizo bado zimeshikamana na oksijeni, na maji hata yawe mengi kiasi gani hayataiondoa. Moto na kaboni ndivyo vinavyoiachanisha.

Mfano mwingine unalitaja bati lenyewe, na mtu wa Kyerwa ana haki ya kukunja uso akiusikia. Dhahabu, yanasema maandiko hayo, ina uchafu wa aina tano: chuma, shaba, bati, risasi na fedha. Moyo nao una uchafu wa aina tano: tamaa ya anasa, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko na majuto, na shaka. Bati, ambalo Kyerwa hulipia ada za shule, hapa limewekwa kwenye orodha ya takataka, na fedha imewekwa nalo! Lakini ndipo maana inapokaa sawa. Hakuna kati ya vitu hivyo vitano kilicho kibaya kwa umbo lake. Ni uchafu kwa sababu vimo ndani ya dhahabu na vinamzuia sonara asifanye kazi yake. Maandiko yanataja madhara yake moja baada ya jingine: dhahabu inakuwa si laini, haifanyiki kazi, haing'ai, inavunjika. Hilo neno la kung'aa ni lilelile lililotumika kwa moyo. Kwa hiyo ung'avu wa moyo katika mafundisho haya ni ule wa kitu kinachofaa: moyo uliolainika, unaofuata kazi unayopewa, kama dhahabu safi inavyokubali kuwa pete, hereni au mkufu.

Tukiwa na ushahidi huo mkononi, tafsiri ya "kurudi kwenye asili safi" inaanza kuyumba. Shida yake iko katika neno asili, ambalo kwa Kiswahili lina maana mbili. Tunaposema asili ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, tunauliza walikotoka. Tunaposema ni asili yake, tunasema ndivyo alivyo. Ukitanguliza "kurudi", msikilizaji anachukua maana ya kwanza mara moja: zamani moyo ulikuwa safi, ukaharibika siku moja, sasa urudishwe ulikokuwa. Mkristo wa Karagwe atakuwa ameshapata bustani ya Edeni hapo. Lakini maandiko ya Kipali yanafundisha kuwa mzunguko wa kuzaliwa na kufa hauna mwanzo unaoweza kuonekana. Hakuna siku ya kwanza ya usafi. Jiwe la bati nalo halikuwahi kuwa bati tupu kabla ya kuchanganyika na mwamba. Limo mle tangu mwamba ulipofanyika, na anayelichenjua harudishi chochote nyuma. Hata hivyo bati analolipata halikuletwa na maji wala na moto, lilikuwamo. Hiyo ndiyo asili kwa maana ya pili, na kitenzi chake si kurudi.

"Utakaso" una shida nyingine, nayo ni ya sarufi kabla ya kuwa ya dini. Kutakasa ni kitenzi cha kusababisha. Lazima awepo anayetakasa na anayetakaswa. Katika Kiswahili cha makanisa mtakasaji anajulikana, na katika Kagera anajulikana zaidi, kwa sababu uamsho wa Kilokole ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulienea hadi huku ukihubiri kutakaswa kwa damu ya Yesu. Ukimwambia mzee wa kanisa wa Kayanga kwamba Ubudha unafundisha utakaso, atauliza swali la haki kabisa: nani anatakasa? Mafundisho yenyewe, kama yanavyoonekana katika Dhammapada, fungu la 165, ni kwamba usafi na uchafu hutegemea mtu mwenyewe, wala mmoja hawezi kumsafisha mwingine. Kutakata hakuna tatizo hilo. Nguo imetakata, anga limetakata: hatusemi nani kafanya, tunasema hali iliyopo uchafu ukishaondoka. Tena neno "mtakatifu" limetoka kwenye takata moja kwa moja, bila kupitia takasa, ingawa matumizi yametusahaulisha. Lugha jirani zina mantiki hiyohiyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kinyankole, ambacho ni ndugu wa Kinyambo na Kihaya, Roho Mtakatifu huitwa Omwoyo Orikwera, na okwera ni kuwa mweupe, kuwa safi. Ni kitenzi cha hali, kisichodai mtendaji. Mwenye Kinyambo kwa hiyo analifikia "kutakata" akiwa na njia tayari kichwani.

Wapo watakaosema Kiswahili kina fitra, na kwamba hilo ndilo neno halisi la asili safi ya mtu. Hoja hiyo ina nguvu. Mafundisho ya Kiislamu kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha malezi ndiyo yanayomgeuza, yanafanana kwa umbo na uchafu wa kufika baadaye. Lakini fitra haiachani na Muumba aliyeiumba, na inashikamana na saa ya kuzaliwa. Ubudha hauweki Muumba mahali hapo, na mtoto mchanga kwake amekuja na mizigo ya maisha yaliyopita. Kuichukua fitra ni kuwakosea Waislamu kwanza na Wabudha baadaye, mbali na kwamba msomaji wa kawaida akiiona atafikiria sadaka ya mwisho wa Ramadhani. Roho na nafsi nazo ziwekwe kando kwa sababu iliyo wazi: mafundisho haya yanakana kuwepo kwa nafsi ya kudumu, na si vizuri kuikana kwenye ukurasa mmoja na kuitakasa kwenye mwingine. Moyo unatosha. Mswahili husema moyoni, hukusudia moyoni, hukasirika moyoni, na chitta ni hayo yote.

Pingamizi zito zaidi linahusu neno agantuka, na linatoka hapahapa. Kwa nini tusitafsiri tu "uchafu mgeni"? Kwa Kipali ndivyo hasa. Lakini Karagwe na Kyerwa ni wilaya za mpakani, Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine, na mgeni huku ana historia. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa katika makambi ya Karagwe. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa watu walioitwa wahamiaji haramu, wengine wakiwa wamekaa miaka mingi na kuzaa huku. Kuandika mahali kama hapo kwamba uchafu ni mgeni, na kwamba usafi ni mgeni kuondoka, ni kumpa mtu silaha ambayo maandiko hayakuitengeneza. "Uchafu wa kuja" hauponi, kwa kuwa watu wa kuja nao ni watu. Napendekeza "uchafu wa kupita". Unapoteza kidogo sura ya mgeni mlangoni, lakini unabakiza lililo muhimu, kwamba jambo hili limeingia na linaweza kutoka. Atakayesema ni tafsiri ya uoga namwachia rai yake, ila aisome ile ya "uchafu mgeni" kwa sauti mbele ya familia iliyoondolewa 2013 kabla ya kuichapisha.

Kwa bhavana yenyewe ningeandika "kulea moyo" pale inapohusu kazi ya kila siku, kama kukaa kimya na kufuata pumzi, na "kutakata kwa moyo" pale inapohusu matokeo. "Uchenjuaji wa moyo" ungekuwa sahihi kupita yote, lakini nadhani hakuna atakayekubali moyo wake upondwe na kuoshwa kwenye karai. "Mazoezi ya kiroho" yabaki kwa wenyewe, Wakatoliki, wanaoyafahamu kutoka kwa Mtakatifu Ignasio wa Loyola.

Limebaki suala la Wabudha wa China na Japani. Hao, hasa katika mapokeo ya Mahayana, huzungumza waziwazi juu ya asili ya Buddha iliyofunikwa ndani ya kila kiumbe, na mafundisho ya Kichina hupenda sana lugha ya kurejea kwenye chanzo. Je, hapo pia tukatae "kurudi"? Hapana. Mtafsiri hana ruhusa ya kuwasahihisha anaowatafsiri. Maandishi yakisema kurejea, aandike kurejea. Lakini hata huko mifano wanayoitumia ni ya kitu kilichofichwa: hazina chini ya sakafu ya nyumba ya maskini, dhahabu iliyoanguka kwenye uchafu, asali iliyozingirwa na nyuki. Maskini yule haendi popote kuifuata hazina yake; anachimba palepale anapolala. Kwa hiyo katika matini hizo "kurejea asili" litumike kama fasihi ya mapokeo yale, na maelezo chini ya ukurasa yaseme kwamba asili hapa ni namna moyo ulivyo. Katika kamusi na vitabu vya shule, ambako neno moja linapaswa kubeba mapokeo yote mawili, litangulie kutakata.