Ufalme wa Siku Thelathini na Tatu

Ndugu msomaji, mji wetu wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, apate bandari ya biashara ya bara. Mwaka 1964 mji huo huo ulimpokea Sultani wa mwisho wa Unguja, Jamshid bin Abdullah, akiwa mkimbizi njiani kwenda Uingereza. Ilikuwaje?

Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja na Pemba zilipata uhuru. Sultani akawa mfalme wa kikatiba, na serikali ikawa ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Lakini katika uchaguzi wa Julai, Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Nayo nchi iliishi kwa karafuu. Wengi waliozichuma hawakuwa na shamba. Tarehe 12 Januari 1964 yakazuka mapinduzi, na damu ya wasio na hatia nayo ikamwagika.

Zingatia, msomaji: katiba bila ya uadilifu ni karatasi, na dhuluma hailipwi kwa dhuluma. Mwenye mamlaka, awe wa nchi au wa duka Kariakoo, na awasikilize walio chini yake mapema. Mwenyezi Mungu atuongoze.